Darubini ya bei ya bodaboda, ukungu wa bure

Nianze na yule kijana wa dukani, maana ndiye aliyenitibua. Siku nanunua aliniamkia shikamoo mara mbili, akaniita mzee wangu, akanipandisha hadi juu ya paa la jengo lao pale mjini nikaijaribu darubini ya bunduki. Nikaielekeza baharini. Jamani! Kwenye meli zilizotia nanga zikisubiri zamu ya bandari niliona hadi soksi za baharia zimeanikwa. Inavuta mara 5 hadi 25, kioo cha Ulaya. Nikalipa hela ya bodaboda mpya, nikashuka ngazi natabasamu peke yangu kama mwehu.

Siku ya kurudisha, hakuinua hata uso kutoka kwenye simu.

Kati ya siku hizo mbili kuna alfajiri moja porini kusini, leseni ya uwindaji ya mwenyeji mfukoni, nyati kama mita 60 kichakani. Naweka jicho: ukungu. Nafuta kwa pindo la shati. Ukungu. Nafuta kioo cha mbele, nafuta cha nyuma, na msoma nyayo wetu ananong'ona, "Bosi, unafuta nini? Wanaondoka." Umande ulikuwa ndani, katikati ya vioo, mahali kidole hakifiki. Kiwandani huwa wanatoa hewa na kujaza naitrojeni ili ndani pasibaki unyevu, kisha maungio yanafungwa kwa mpira. Mpira ukiachia, inaingia hewa ya Dar, na hewa yetu mnaijua, hata chumvi mezani inalowa. Ukifika kwenye baridi ya alfajiri, yote inageuka jasho juu ya kioo.

Ulipopungua kidogo nikakuta nimeiacha kwenye 25. Niliona weusi tu. Bega? Paja? Na giza juu yake, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji. Yangu ina milimita 50, kwa ukuzaji wa 25 jicho linapata duara la mwanga la milimita 2, wakati mboni alfajiri imefunguka 5 au zaidi. Ile kuukuu aliyoniachia mjomba, 4x32, yaani inakuza mara 4 na kioo ni milimita 32, inatoa 8. (Ningepunguza hadi 5, ndiyo, najua, msiniandikie. Nyati hakusubiri.) Mjomba alikuwa anaisafirisha imeviringishwa kwenye khanga ya mkewe, imedondoka kwenye pikipiki sijui mara ngapi, ikavumilia teke la bunduki kubwa ya .375 miaka yote, na risasi bado inapiga palepale inapolengwa. Mimi huyu huyu ndiye niliyeing'oa kumpisha mgeni.

Sasa dukani. "Umeiangusha." Sikuiangusha. "Basi uliitumbukiza majini." Sikuitumbukiza. Anatafuna karanga, maganda anapulizia kwenye kaunta, karibu na darubini yangu. "Garantii haihusu ukungu." Nikamuuliza, sasa inahusu nini? Hapo ndipo aliponitazama, mbele ya wateja wawili, akasema, "Labda ni macho, mzee." Shikamoo ziliishia wapi?

Kwa hiyo msinunue kioo cha bei mbaya. Au tuseme msinunue kwa yule. Tafuteni kitu cha ukuzaji mdogo, kizito, kilichofungwa vizuri, mkitie kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya safari, kikivuja mjue mkiwa bado nyumbani. Nyota sifuri. Moja, kwa ajili ya lile paa.

Ya mjomba imerudi juu ya bunduki. Hii ya Ulaya naiuza, anayeitaka aje aichukue, bei tutaelewana. Jua likikolea ukungu unatoweka kabisa, ni alfajiri tu inayosumbua. Jana mchana nilienda nayo Ocean Road, kuna meli ya magari imetia nanga, nikasoma jina lake herufi kwa herufi, nikamwona mpishi anamwaga maji machafu kwa beseni la bluu. Hapana, jamani, siuzi.