TAHADHARI: Flashi na diski za "TB 2" za bei ya kutupa Mbeya na Iringa zimechakachuliwa, zipime kabla hela haijatoka

Ndugu zetu wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na wote mnaoagiza mizigo kwa basi kutoka Dar: kuna flashi, memori kadi na diski za nje zinauzwa barabarani na kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa zimeandikwa TB 1, TB 2, hadi TB 16, kwa bei isiyotosha hata flashi orijino ya GB 256. Msinunue. Ndani yake mara nyingi kuna chipu ya GB 32 au GB 64, na programu inayoiendesha imechakachuliwa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake.

Ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Flashi itapokea kila unachoweka, itaonyesha majina ya mafaili yote na ukubwa wake, na utajua umepigwa siku utakapolihitaji faili lenyewe. Wanaoumia zaidi ni wapiga picha za harusi, kwaya zinazohifadhi rekodi zao, na wanafunzi wa vyuo wanaoweka tasnifu nzima kwenye flashi moja.

Kuna jambo la pili linaloisaidia biashara hii, nalo ni kutojua diski halali inatakiwa isome ngapi. Mtu ananunua diski halali ya TB 1, anaona GB 931, anarudi dukani kugombana. Mtu huyohuyo akionyeshwa feki inayosoma TB 2 kamili, anaridhika na kulipa. Katikati yao wamejitokeza mafundi wanaotoza hela "kurudisha GB zilizopotea". Kwa hiyo hesabu kwanza.

GB 931 si wizi

Kiwanda huhesabu kwa elfu. TB 1 ya kiwandani ni baiti 1,000,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,024: baiti 1,024 ndiyo KB 1, KB 1,024 ndiyo MB 1, na ukiendelea hivyo GB 1 inakuwa baiti 1,073,741,824. Chukua ile trilioni ugawanye kwa namba hiyo, unapata 931. Hakuna baiti hata moja iliyoliwa, ila Windows inatumia kipimo kikubwa kisha inaandika "GB" ileile. Diski hiyohiyo ukiichomeka kwenye Mac itasoma TB 1, kwa sababu Apple walihamia hesabu ya kiwandani tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009.

Namba za kukariri ukiwa dukani, kama zinavyosomeka kwenye Windows: diski ya GB 500 husoma 465, ya GB 480 husoma 447, ya 256 husoma 238, ya 240 husoma 223, ya 128 husoma 119, ya 120 husoma 111. TB 2 husoma 1.81 TB. Flashi ya GB 64 haizidi 59 na ushee, nyingi huonyesha 57 au 58 kwa sababu flashi nayo hujibakizia sehemu ya kazi zake. Ukitaka kuhakikisha, bofya diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties. Windows huandika ukubwa mara mbili: baiti zote kwa ukamilifu wake, halafu GB. Ya TB 1 lazima baiti zikaribie trilioni moja.

Kwenye diski ya ndani ya kompyuta, C inaweza kuwa ndogo zaidi ya hapo, nako kuna sababu zake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bonyeza Enter. Hapo utaona diski nzima ilivyogawanywa: kipande kidogo cha kuwashia, C, pengine D, na vipande vya kurudishia mfumo ambavyo kwa baadhi ya watengenezaji hufika GB 10 hadi 20. Jumlisha vyote. Jumla ikifika 465 kwenye diski ya 500, hakuna kilichopotea. Ukiona kipande cheusi kilichoandikwa Unallocated, hiyo ni nafasi yako ambayo haijapewa kazi. Kama kipo mara tu baada ya C upande wa kulia, bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua Extend Volume, kitaungana na C.

Fundi wa "kurudisha GB"

Hakuna fundi duniani anayeweza kuifanya 931 isome 1,000 kwenye Windows. Anayekuambia anaweza, ama atakufutia mafaili ya zamani akuonyeshe nafasi iliyoongezeka, jambo unaloweza kulifanya mwenyewe bure, ama anataka diski yako ibaki kwake usiku kucha. Hilo la pili ndilo la kuogopa zaidi. Diski ya SSD (ile ya chipu, isiyo na sahani zinazozunguka) ya GB 512 inatolewa, inawekwa ya 128 au kuukuu, na wewe unaondoka unashukuru kwamba mashine imewaka.

Kabla ya kuacha laptopu kwa fundi yeyote, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows), andika Get-PhysicalDisk, ubonyeze Enter. Itatokea aina ya diski, namba yake ya pekee na ukubwa wake. Ipige picha na simu. Ukirudi kuchukua mashine, rudia amri hiyo palepale mezani kwa fundi, namba zilingane herufi kwa herufi. Fundi mkweli hatakasirika kwa hilo.

Na ukitaka nafasi kweli, anzia Settings, System, Storage, ufungue Temporary files. Kama Windows imepandishwa toleo karibuni, kuna folda ya Windows.old inayoweza kula GB 20 na zaidi. Kama huwa hulazi kompyuta kwa hibernate, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika powercfg /h off, na faili la hiberfil.sys litaondoka. Kwenye mashine ya RAM ya GB 8 ni kama GB 3 hivi.

Feki inavyofanya kazi

Kila flashi ina sehemu mbili muhimu: moja inatunza data, nyingine ni msimamizi anayeongea na kompyuta. Kompyuta haipimi ukubwa, inamuuliza msimamizi tu. Matapeli wanamwandikia msimamizi ajibu "TB 2" hata kama nyuma yake kuna GB 32. Ndiyo maana ule ushahidi wa muuzaji, "bosi, chomeka uone mwenyewe, TB 2 orijino", haufai kitu. Anachokuonyesha ni jibu lililopikwa. Na ukiona feki inasoma 2.00 TB kamili kwenye Windows, hiyo ni dalili ya kuikataa, maana ya kweli ingesoma 1.81.

Sasa angalia kinachotokea ukianza kujaza. GB 30 za kwanza zinakaa salama. Ndiyo maana nyimbo mbili tatu atakazokuwekea muuzaji zitapiga vizuri. Ukivuka uwezo halisi, aina moja ya feki hurudi mwanzo na kuandika juu ya mafaili ya zamani, nyingine hupokea data na kuitupa. Orodha ya majina hukaa sehemu ya mwanzo ya flashi, ambayo ni ya kweli, kwa hiyo folda inaonekana imejaa vizuri. Ukifungua, video inagoma, picha inatokea nusu na nusu nyingine ni kijivu, faili la Word linasema limeharibika. Hapo hakuna programu ya kuokoa data itakayosaidia, kwa sababu data haikuwahi kuandikwa au imeshafunikwa. Usimlipe mtu akuahidiye kuirudisha.

Diski za nje za "SSD TB 16" ni mchezo uleule ndani ya kasha la chuma linalong'aa. Zikifunguliwa, hukutwa memori kadi moja au mbili ndogo za simu zimechomekwa kwenye kibao kidogo cha USB na kushikiziwa gundi ya moto, na baadhi huwekewa kipande cha chuma ili kasha liwe zito mkononi. Kumbuka kwamba diski ndogo za mfukoni zenye sahani zinazozunguka zilifika TB 6 mwaka 2024 tu, na kutoka kampuni kubwa. TB 16 ya bei ya viatu haipo.

Ila tusiwaonee wauzaji wote. Flashi mpya ikikataa faili moja la filamu lenye GB 5 huku ikionyesha nafasi tele, hiyo si feki. Imefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT, itapokea.

Jinsi ya kupima

Patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba itapimwa, na ikishindwa hela inarudi. Ayaandike hayo nyuma ya risiti ya EFD. Anayekataa risiti na kupimwa kwa pamoja, achana naye. Kununua hivyo ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Dukani, kwenye Windows, tumia ValiDrive. Ni programu ndogo ya bure isiyohitaji kusakinishwa. Inagusa sehemu nyingi zilizotawanywa flashi nzima, inaandika na kusoma, kisha inachora ramani: kijani ni nafasi ya kweli, nyekundu ni uongo. Huchukua dakika chache, kwa hiyo hakuna sababu ya muuzaji kusema anachelewa. Nenda na laptopu yako mwenyewe, usitegemee mashine yake.

Nyumbani fanya kipimo kizito kwa H2testw, nayo ni ya bure. Flashi iwe tupu. Fungua programu, chagua lugha ya Kiingereza, chagua flashi yako, weka "all available space", bonyeza "Write + Verify". Inajaza flashi nzima kwa mafaili ya GB 1, kisha inasoma kila baiti kulinganisha. Ikiwa nzima utaona "Test finished without errors" kwa kijani. Ikiwa feki inakuja nyekundu, ikitaja kiasi kilicho sawa na kiasi kilichopotea. Kile kilicho sawa ndicho ukubwa halisi wa ulichouziwa. Piga picha ukurasa huo.

Muda: flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde huchukua karibu saa mbili kuandika GB 64. Ya "TB 2" kwa mwendo huo ingechukua zaidi ya siku mbili, na kwa umeme wetu huwezi kuhakikisha. Njia ya mkato ni kuchagua sehemu tu badala ya yote: andika MByte 140,000. Ni kama saa nne za kuandika, halafu kusoma. Feki yenye GB 32, 64 au 128 ndani haitapita hapo. Tumia laptopu yenye betri nzima, na zima mipangilio ya kulala ili kipimo kisikatike.

Wenye Linux kama Ubuntu, sakinisha programu ya kupima iitwayo f3 kwa amri ya sudo apt install f3. Kisha f3write ikifuatiwa na njia ya folda ya flashi, ikimaliza f3read na njia ileile. Kwenye ripoti, mstari wa Data LOST lazima uwe sifuri.

Laptopu za mtumba zina udanganyifu wake. Jina la diski lililoandikwa "1TB SSD" kwenye This PC si la kuaminiwa, maana kila mmoja anaweza kulibadilisha kwa kubofya Rename. Tumia Get-PhysicalDisk, halafu CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Kwenye diski ya sahani, angalia mistari ya 05, C5 na C6. Wowote kati yake ukiwa na thamani ghafi (Raw Values) zaidi ya sifuri, diski imeanza kufa, shusha bei au iache. Angalia pia saa ilizowaka. Diski "mpya" yenye saa 20,000 imewaka zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Kama umeshapigwa

Acha kuandika chochote kwenye hiyo flashi sasa hivi. Nakili mafaili yote kwenda diski nyingine, kisha ufungue moja moja. Usiridhike kwa kuona jina na ukubwa. Kwenye kamera na simu, usifute picha asilia hadi uhakikishe nakala zinafunguka.

Usimgawie mdogo wako wala usiiuze tena. Kama lazima uitumie kwa nyimbo za gari, igawanye upya kwa ukubwa chini ya ule uliopimwa, mathalani GB 25 kwa yenye 29, ukijua chipu zenyewe ni za daraja la chini.

Kuhusu hela, rudi kwa muuzaji na vitu vitatu: risiti, kasha lake, na picha ya H2testw. Kama mlinunua kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu yote, tangazo lake likiwamo kabla hajalifuta. Akigoma, ripoti polisi, na bidhaa bandia peleka pia kwa Tume ya Ushindani, FCC. Ipeleke flashi yenyewe bila kuifomati, ili wapime wenyewe waone.