Nyumba mpya Section 58, Nakuru: nzuri, lakini maji yake usinywe

Tangu Nakuru itangazwe jiji Desemba 2021, magorofa yanajengwa kila upande na kodi imepanda nayo. Nilihama Nairobi nikitarajia afueni. Kwa nyumba ya vyumba viwili vya kulala, katika jengo ambalo rangi bado ilikuwa inanukia, nilitakiwa shilingi 28,000 kwa mwezi, pamoja na dipoziti ya kiasi hichohicho kabla ya kukabidhiwa funguo.

Nianze na stima, maana hapo mwenye nyumba amefanya jambo la maana. Kila nyumba ina mita yake ya Kenya Power. Nanunua tokeni mwenyewe kwa M-Pesa kupitia nambari 888880, na zinazokwisha ni nilizotumia mimi. Baadhi ya majengo mapya niliyoyaona yana mita moja kubwa, halafu mpangaji anauziwa tokeni na mwenye nyumba kwa bei aliyojipangia. Ukikuta hivyo, uliza bei ya yuniti kabla ya kusifu vigae.

Vigae, dari ya jipsamu, makabati ya jikoni: sina neno. Kuta ndizo zilizoharakishwa. Plasta ilipakwa rangi kabla haijakauka vizuri, na Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai una baridi ya kweli. Ukuta wa chumba cha kulala ukawa unatoka jasho, na kuvu ya kijani ikatambaa nyuma ya kabati la nguo hadi kwenye kola za mashati. Nimelisogeza kabati mkono upite nyuma yake, madirisha nafungua kila asubuhi, na kuvu inapungua.

Kero yangu kubwa ni maji. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, alinihakikishia, "Mama, hapa maji hayakatiki, tuna kisima chetu." Kweli hayakatiki, na presha ni nzuri hadi ghorofa ya nne. Lakini ni maji ya kisima kirefu, na wengi waliokulia Bonde la Ufa wanajua yana nini: floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Jirani yangu, mama aliyezaliwa hapahapa, aliniona nikimchemshia mtoto maji akanikataza. "Hayo ya mfereji ni ya kufua na kuosha vyombo, mama. Ukichemsha ndiyo unayakoleza." Alisema kweli. Moto huua viini, floridi hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke inazidi kukolea. Dawa ya klorini pia haiiondoi.

Nilipeleka chupa maabara. Karatasi ilionyesha zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, ndio wanaopata yale madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Binti yangu ana miaka mitatu. Nilikasirika sana, kwa sababu tangazo lilisema "maji safi saa 24" na hakuna aliyenitajia habari hiyo.

Vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza kuvitengeneza miaka mingi iliyopita, hupunguza floridi, ila mifupa huchoka na lazima ibadilishwe. Kwa sasa nanunua mitungi ya lita 20 ya kunywa na kupikia, na gharama hiyo naihesabu kama kodi.

Mwenye nyumba nilimpelekea ile karatasi. Hakubisha. Amekubali kuweka mtambo wa kuchuja karibu na tangi, wenye mfereji mmoja wa maji ya kunywa kwa wapangaji wote. Zege la kuukalisha limeshamwagwa, mtambo wenyewe haujafika. Ukija kuangalia nyumba hapa kabla ya hapo, dai karatasi ya kupima maji pamoja na mkataba, na kama una mtoto mdogo, tia bei ya mitungi kwenye hesabu kabla ya kutoa dipoziti.