Mita ya bei chee na ethi za Land Rover 109: uzoefu wangu

Kama una Land Rover ya zamani na taa zinacheza, nunua mita ya kupimia umeme (multimeter) kabla hujamruhusu mtu afumue waya. Yangu ni ile ndogo ya manjano, ya betri ya volti 9, inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme. Ndiyo iliyoukamata ugonjwa wa 109 yangu, Series III.

Ugonjwa wenyewe: ukiwasha taa kubwa halafu indiketa ya kulia, taa kubwa ya upande huo inafifia na kurudi kwa kufuata indiketa. Fundi wa kwanza alisema swichi, wa pili fyuzi. Lakini fyuzi ikikata taa inazimika, haichezi. Taa mbili zikivutana hivi, ujue zinagombania njia moja ya kurudi kwenye betri, yaani ethi.

Niliweka mita kwenye volti 20 DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya mweusi nyuma ya taa, taa ikiwa inawaka. Ikasoma 1.38. Hapo haitakiwi kuzidi 0.2. Nikawasha indiketa, namba zikaanza kuruka: 1.38, 1.91, 1.38. Nikahamisha ncha nyekundu hadi kwenye bati la madigadi, karibu vilevile. Kwenye chesisi, 0.04. Basi tatizo liko kati ya madigadi na chesisi, hakuna haja ya kugusa waya mwingine wowote. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma. Unyevu ukikaa kati yao alumini inalika. Kwenye bolti ya ethi nilikuta unga mweupe kama chokaa. Msasa, washa mpya ya bolti, grisi kidogo, mita ikashuka hadi 0.09 na taa ikatulia.

Sasa lawama zangu. Upande wa ohm, yaani wa kupima ukinzani wa njia ya umeme, kwa kazi hii mita hii inadanganya. Nilipoipima ethi hiyo hiyo mbovu taa zikiwa zimezimwa nilipata 0.6, na nyaya za mita zenyewe ukizigusanisha zinasoma 0.3. Inabaki 0.3, ambayo wengi wataiita nzima. Lakini taa ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6, na kwa ohm 0.3 unapoteza volti 1.4. Kwa hiyo pima volti, tena taa ikiwa inafanya kazi. Yangu pia haina mlio wa kukuambia waya umeunganika, na nyaya zake ni nyembamba na fupi, hazifiki taa za nyuma. Nimeunga waya mrefu wenye klipu. Lile tundu la ampea 10 usiliguse kwenye stata, maana stata inavuta zaidi ya ampea 100.

Kwa bei yake, naipendekeza bila kusita. Geji ya mafuta na ya joto zikipanda pamoja, pima ethi ya kile kidhibiti volti nyuma ya dashibodi kwa njia hiyo hiyo. Na kebo ya choki ikipata moto unapopiga stata, weka ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye hasi ya betri, mwenzio apige stata: ikizidi nusu volti, kagua mkanda wa ethi wa injini siku hiyo hiyo, kwa sababu umeme wa stata unapita kwenye choki.