Gereji ya Unga Limited na kiyoyozi cha Fairlady Z ya mwaka 1991

Gereji ninayoizungumzia haina bango. Iko Unga Limited, jijini Arusha, nyuma ya geti la bati lililopakwa rangi ya bluu, na wateja wake huelekezana kwa mdomo. Nilifika hapo mwezi Februari, baada ya gereji nyingine ya hapa hapa jijini, ambayo sitaitaja, kunijazia gesi mara tatu katika miezi mitano kwa shilingi 70,000 kila mara, pasipo kiyoyozi kupona.

Gari lenyewe ni Nissan Fairlady Z ya mwaka 1991, ambayo nje ya Japani iliuzwa kwa jina la 300ZX. Toleo hilo lilitoka mwaka 1989 na kuendelea kuundwa hadi mwaka 2000. Injini yake ya V6 ya lita 3 imebanwa chini ya boneti kiasi kwamba kufikia nati moja huhitaji kufungua vitu vitatu visivyo na kosa, na ndiyo maana mafundi wengi wakiiona hupandisha bei kabla hata ya kuuliza tatizo. Kiyoyozi chake pia si cha kuzungusha swichi tu. Dereva huchagua nyuzi za joto anazotaka, kisha kompyuta ndogo iliyo kwenye dashibodi husikiliza sensa zake na kuamua feni izunguke kwa kasi gani, kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, iwake au izime, na hewa ya baridi ichanganywe na ya moto kwa kiasi gani.

Dalili zilikuwa tatu, na kwa muda mrefu niliamini ni ugonjwa mmoja. Hewa ilitoka vuguvugu hata nilipoweka nyuzi 18. Feni ilivuma kwa nguvu zote bila kujali nilichochagua. Na tangu nilipojaziwa gesi kwa mara ya pili ilizuka dalili mpya, kwamba nikisimama kwenye foleni juani ule ubaridi kidogo uliokuwapo unatoweka kabisa, ilhali nikishika barabara ya Moshi na kuongeza mwendo kuelekea Usa River unarudi.

Fundi wa Unga Limited alitaka kwanza shilingi 50,000 za kupima, kabla ya kugusa spana. Nakiri kwamba nilisita, kwa kuwa tumezoea kupima kuwe bure na malipo yawe ya matengenezo. Nililipa, na leo hii hizo ndizo fedha ambazo sizijutii hata kidogo.

Alianza na jambo ambalo nilidhani nalijua. Nissan za miaka ile zenye kiyoyozi cha kompyuta hujipima zenyewe: unawasha injini, na ndani ya sekunde 10 unabonyeza kitufe cha kuzimia kiyoyozi na kukishikilia kwa sekunde 5 au zaidi, kisha kioo kidogo cha nyuzi joto huanza kuonyesha namba. Namba 20 maana yake sensa zote ni nzima. Kwenye gereji ya awali ilitokea 25, ambayo ni ya sensa ya jua iliyo juu ya dashibodi, nikaambiwa niagize sensa mpya kutoka Nairobi. Fundi huyu alipoisikia habari hiyo alicheka, akawaita vijana wawili wakalisukuma gari kutoka chini ya paa hadi uwanjani, akarudia kipimo. Namba 25 haikuonekana tena. Sensa hiyo hupima mwanga wa jua, kwa hiyo gari likipimwa kivulini kompyuta hudhani imekatika. Iliyobaki ni namba nyingine, inayohusu mlango mdogo wa kuchanganya hewa ya baridi na ya moto, na hiyo haikuondoka hata juani.

Kisha akaunganisha geji. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma taratibu, mshale wa upande wa shinikizo kubwa ulipanda ukapita psi 300, ukaendelea kupanda, kisha kompresa ikazimwa na swichi yake ya usalama. Akanitazama akasema, "Mkuu, gari lako halina kiu ya gesi. Limevimbiwa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa ule mlango, ambao ulibaki wazi kidogo upande wa joto. Kiasi cha gesi mwanzoni hakikuwa na kosa. Hewa ilipotoka vuguvugu, gereji ya awali iliongeza gesi, na gesi ilipozidi ikaleta ugonjwa wa pili. Barabarani upepo uliopiga kondensa, yaani ile rejeta ya mbele inayoipoza gesi, uliishusha presha, lakini kwenye foleni presha ilipanda mpaka kompresa ikazimwa. Kondensa nayo ilikuwa imejaa vumbi, kama ilivyo kwa gari lolote linalopita njia zetu za ndani wakati wa kiangazi.

Hakuiachia gesi hewani, jambo ambalo nimeliona likifanyika mara nyingi bila aibu. Aliivuta kwa mashine yenye mizani, na uzito wake ukawa karibu robo zaidi ya kiasi alichokusudia kurudisha. Hapa inafaa nieleze kwamba gari la mwaka 1991 lilitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo ilianza kuondolewa duniani baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Mmiliki fulani kabla yangu alikwisha kulihamishia kwenye R134a, na ushahidi ni vile viunganishi vilivyofungwa juu ya midomo ya zamani yenye hesi. Gesi hizo mbili hazijazwi kwa uzito sawa, maana R134a huwekwa pungufu, na mafuta ya madini ya kulainisha kompresa, yaliyofaa R12, hayachanganyiki nayo vizuri. Fundi aliweka mafuta ya esta, ambayo huvumilia mabaki ya mafuta ya zamani, akabadilisha chupa ya kukaushia gesi na kila oringi, yaani mpira wa kuzuia kuvuja, aliyoifungua.

Wakati wa kuvuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi nilidhani nimemkamata. Nilikuwa nimesoma kwamba geji ya vakyumu inapaswa kukaribia inchi 30 za zebaki, na yake ilisimama kwenye 25 na ushei ikagoma. Alinijibu bila kuudhika kwamba kipimo hicho ni cha Dar es Salaam na Tanga. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na pampu haiwezi kuondoa uzito wa hewa ambayo haipo. Aliliacha nusu saa, mshale haukusogea, ishara kwamba hapavuji, ndipo akajaza gesi kwa mizani.

Mota ya mlango wa hewa ilikuwa imechakaa sehemu inayoiambia kompyuta mlango umefika wapi. Feni iliyokuwa ikivuma bila kukoma ilikuwa na sababu ya kufedhehesha zaidi: kijibomba kinachovuta hewa ya ndani ya gari kipitishe kwenye sensa kilichomoka, bila shaka siku nilipofungiwa redio mpya, na sensa ikawa inapima joto la nyuma ya dashibodi. Kukirudisha kulichukua dakika chache.

Sasa malalamiko. Niliambiwa siku mbili, zikawa tisa. Mota ya kwanza iliyoletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam haikuwa ya gari hili, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Kibanio kimoja cha dashibodi kilivunjika kikashikizwa kwa gundi kimyakimya, nikakigundua mwenyewe nyumbani. Hesabu niliandikiwa kwa mkono: kupima 50,000, gesi na mafuta pamoja na chupa 260,000, mota ya mtumba 120,000, ufundi 150,000, jumla shilingi 580,000. Dhamana ya miezi mitatu ni ya mdomo tu, bila karatasi.

Siku ya kulichukua, nje kukiwa na nyuzi 27, kipimajoto kilichowekwa kwenye tundu la katikati kilisoma 7 gari likiwa limesimama. Siku niliyolipeleka kilisoma 19. Nilirudi baada ya wiki sita, masika yamekwisha kuanza na vioo vikihitaji kukaushwa ukungu kila asubuhi kutoka Ngaramtoni, akaunganisha geji zake tena bila kunitoza. Presha ilikuwa mahali pake. Kibanio bado namdai.