Sanduku la vyombo la Kamukunji, kwa wenye karavani

Fundi wa Kamukunji, pale kwa mafundi wa jua kali Nairobi, alinitengenezea sanduku la vyombo vya karavani yangu, ile trela ya kulala safarini. Ni la bati nzito, na vigawanyo vya mbao ndani. Sufuria zetu hazina mikono, kwa hivyo zinaingiana vizuri. Kati yake natia vipande vya leso kuukuu, na vifuniko nasimamisha pembeni. Karai la chuma linakaa chini kabisa, usawa wa ekseli, ule mhimili wa magurudumu, maana uzito ukirundikwa nyuma trela huyumba. Tuliteremka kutoka Kiserian hadi Magadi bila kelele ya vyombo. Komeo ndilo bovu. Jembamba mno, likafunguka kwenye matuta, ikabidi nilifunge kwa mpira wa tyubu, ule wa bodaboda. Bei? Ongea na fundi vizuri, atashuka. Ila komeo nene zaidi mlipie tu.