PeaZip katika saiba yangu ya Kakamega: uzoefu wangu

Nina saiba Lurambi, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ukiondoa stima kupotea, kinachowaudhi wateja wangu kuliko chochote ni faili lililofika salama lakini likakataa kufunguka. Mwanafunzi katumiwa noti za semista nzima ndani ya RAR, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja. Mpiga picha wa harusi kaletewa 7z, kifurushi cha aina nyingine, kutoka Nairobi. Kijana wa sayansi ya kompyuta ana tar.gz na haraka. Wote husimama kando ya kaunta na kusema maneno yaleyale: "Bosi, hii kitu imekataa." Siku hizi nawafungulia kwa PeaZip, programu ya kufungua na kubana vifurushi vya namna hiyo.

Niliichagua kwa sababu mashine zangu hazifanani. Baadhi zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Zile kuukuu zisizoweza kubeba Windows 11 nimeziwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, na binamu yangu akija kunisaidia wikendi huja na MacBook yake. PeaZip inakaa kwenye Windows, Linux na Mac. Ukimfundisha msaidizi mara moja, hata umhamishe meza anakuta vitufe vilevile. Kwa mtu mwenye laptopu moja nyumbani hilo huenda lisimguse. Kwenye saiba ni nusu ya kazi.

Halafu ni ya bure bila ujanja. Ilianzishwa na Mtaliano Giorgio Tani mwaka 2006, na leseni yake huria ya LGPL hairuhusu nyumbani tu, inaruhusu na biashara. WinRAR, programu ya kazi hiyohiyo ambayo wengi wetu tulikua nayo, ni ya majaribio ya siku 40. Siku zikiisha haikufungii mlango, inakukumbusha tu ununue, na watu wamezoea kufunga kidirisha hicho kama wanavyofukuza nzi. Mimi ninayetoza watu kwa huduma sikutaka kuishi hivyo. Tena WinRAR yenye vitufe na menyu ni ya Windows peke yake. Kwenye Linux na Mac wanakupa ile ya kuandika amri, na sitamwachia mfanyakazi wa zamu ya jioni jambo hilo.

Ukweli mmoja usemwe mapema: sehemu kubwa ya kazi inafanywa na injini ya 7-Zip, programu ambayo Mrusi Igor Pavlov aliitoa mwaka 1999. PeaZip imeivika sura na kuongezea injini nyingine. Kwa hiyo kama una kompyuta moja ya Windows na unachotaka ni kufungua ZIP na RAR basi, chukua 7-Zip yenyewe. Haifiki hata megabaiti 2, bando halitalia. Na kama ni Windows 11 iliyosasishwa, jaribu kwanza kubofya faili lenyewe, maana tangu 2023 Microsoft imeipa uwezo wa kufungua RAR na 7z bila kuongeza kitu.

Sasa nije kwenye mambo ninayoyaona kila wiki, nianze na la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa kuwa Juni ikifika saiba hujaa. Mwenye biashara anayefaili ritani kwa fomu ya Excel anaipakua kutoka iTax, tovuti ya KRA ya kodi, ikiwa ndani ya ZIP. Wengi huibofya mara mbili, wanaona fomu, wanaanza kujaza humohumo ndani ya kifurushi. Wanayojaza hayo ni nakala ya muda tu. Makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya fomu, zinaweza kugoma, na ukifunga dirisha jasho lako lote linaweza kupotea. Sharti uitoe kwanza kwenye kifurushi, uiweke kwenye folda yako, ndipo uifungue na kuruhusu makro. Ukishamaliza na fomu ikakubali hesabu zako, inatengeneza ZIP nyingine ya kupakia. Hiyo usiifungue. Inapanda kwenye iTax jinsi ilivyo. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa sokoni ambaye kila mwaka ananiambia, "Mwanangu, si uifungue na hii pia tuone kama iko sawa?" Mama, iache.

Hapo PeaZip inanisaidia kwa kitu kidogo sana. Ukibofya kulia juu ya kifurushi, kuna amri ya kutoa vilivyomo ndani ya folda mpya, na imeongezewa akili kidogo: kama ndani kuna kitu kimoja tu, haikuundii folda isiyo na maana, kama kuna vitu vingi, inavikusanya pamoja. Anayepuuza jambo hili hajawahi kufungua picha mia nne za harusi zikamwagika juu ya deskitopu ya kompyuta inayotumiwa na watu wengi, zikachanganyika na barua za kuomba kazi na vyeti vya watu vilivyoskaniwa.

Kazi ya pili ni kukata vipande. Flashi nyingi zinazoletwa hapa bado zimefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Mteja anaona flashi ya gigabaiti 32 iko tupu, halafu video yake ya mahafali inakataliwa kwamba ni kubwa mno, anadhani nimemuuzia flashi bandia. Ningeweza kuifomati upya, lakini mara nyingi ina vitu vyake vingine. Naigawa video kwa PeaZip, nikichagua mwenyewe ukubwa wa kila kipande, na akifika nyumbani anaviunganisha. Onyo ninalompa ni kwamba vipande vyote vikae kwenye folda moja na majina yasibadilishwe. Ni hivyo hivyo kwa RAR zinazokuja zikiwa part1, part2, part3. Ukikosa kimoja, hivyo vingine havitakupa faili zima.

Kuna ombi ambalo hakuna programu italiweza, na ni afadhali niliseme hapa kuliko kulirudia kaunta. Watu huleta video ya MP4 au picha za JPEG wakitaka "nizizipu ziwe ndogo" ziingie kwenye barua pepe, ambayo kwa Gmail mwisho ni megabaiti 25. Mafaili ya aina hiyo tayari yamebanwa na kamera au simu iliyoyatengeneza. Unaweza kuweka 7z kwa nguvu ya mwisho, ukasubiri feni ipige kelele, na ukapata faili lenye ukubwa uleule ukiondoa vijisehemu. Maandishi matupu, majedwali ya data na picha za BMP ndiyo hupungua kwelikweli. Kwa video, itume kwa kiungo cha Google Drive au punguza ubora wake kwa programu ya video. Kuzipu picha kuna faida nyingine: mia nne zinasafiri kama kitu kimoja.

Kuhusu maneno ya siri niko makini kwa sababu hapa hupita vyeti, vitambulisho na stakabadhi za mashamba. Ukifunga kwa 7z, PeaZip inatumia usimbaji wa AES-256, njia imara ya kuifanya data isisomeke bila neno la siri, na unaweza kuficha hata majina ya mafaili. ZIP yenye neno la siri huacha majina yakisomeka: mtu haoni ndani ya barua, ila anaona inaitwa "kufutwa kazi". Hilo tu limenifanya nipendelee 7z kwa nyaraka za watu. Lakini ukisahau neno lako la siri, usije kwangu. Wanafunzi huja na noti zilizofungwa na mtu aliyehitimu zamani, wakiamini kuna kitufe fulani nawafichia.

Mabaya yake? Sura imejaa mno. Ukiifungua mara ya kwanza unakutana na kitu kama kivinjari cha mafaili chenye vitufe, alamisho, njia za mkato na menyu ndani ya menyu. Mteja wa mara moja anapotea. Nimewazoeza wafuate bofya la kulia tu, dirisha kubwa waliache. Pia haitengenezi RAR yenyewe, kwani umbo hilo lina mwenyewe, inafungua tu. Hilo halinisumbui, ila mhadhiri akisisitiza kazi iletwe ikiwa RAR, mwanafunzi atalazimika kurudi kwa WinRAR. Na RAR iliyoharibika lakini ikawa na rekodi ya kujirekebisha, WinRAR ndiyo ya kuijaribia.

Faili lililoharibika, kwa jumla, PeaZip hukuambia ukweli. Ina amri ya kupima kifurushi bila kukifungua, nami huiendesha kabla mteja hajalipa na kuondoka na flashi. Kifurushi kikilalamika kwamba data imeisha kabla ya wakati, karibu kila mara ni mtandao uliokatika katikati ya kupakua. Dawa ni kupakua upya.

Kwenye simu haipo. Nusu ya wanaouliza wana Android tu, na hao nawaelekeza kwa ZArchiver, ambayo nayo ni ya bure na inafungua RAR na 7z vizuri.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ukitaka kuijaribu, ichukue kwenye tovuti yake yenyewe, peazip.github.io, usibofye kitufe kikubwa cha kijani ulichokutana nacho kwenye tangazo. Na usikae na toleo la zamani miaka nenda miaka rudi. Mwanzoni mwa 2025 ilitangazwa kasoro ya usalama ndani ya 7-Zip ambayo ilikuwa imezibwa kuanzia toleo 24.09, na 7-Zip haijisasishi yenyewe. PeaZip kuukuu hubeba injini kuukuu tumboni. Mimi hupakua toleo jipya mara moja usiku bando likiwa nafuu, nalitia kwenye flashi, na asubuhi kabla wateja hawajaingia nazungusha meza zote, zile za Mint zikipata faili lao la deb, la kusakinisha programu kwenye Linux.