Siku 84 za kuhesabu kalori kwenye simu

Nimeitumia programu hii siku 84 mfululizo, tena toleo la kulipia, kwa hiyo naizungumzia kama mtu aliyekaa nayo hadi akaijua. Naipa nyota mbili kati ya tano. Jina lake silitaji, kwa sababu ziko nyingi za aina hii na zinafanana kama mapacha. Ukikaribia msimu wa joto na wewe unatafuta yako, huenda ninayoyasema yakakufaa hata ukichagua nyingine.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 41. Dada yangu mkubwa alipotuambia kwamba familia nzima tutakwenda ufukweni kwa siku nne, zilikuwa zimebaki wiki 12 kasoro siku mbili. Nilihesabu palepale. Sikuwa nimevaa nguo ya kuogelea kwa miaka tisa. Kila tukienda, watoto na wajomba zao wanaingia majini, mimi nabaki juani na gauni refu, nikilinda mikoba na taulo. Safari hii nilitaka kuogelea. Na niliamini kabisa kwamba kabla ya kuogelea lazima kwanza nipungue, kana kwamba bahari ina mlinzi wa mlangoni. Usiku uleule tangazo la programu likanipitia kwenye simu, likiahidi mwili wa msimu wa joto kwa wiki 12. Nikalipia mwaka mzima.

Nyota ya kwanza naitoa kwa utendaji. Inafunguka haraka, haigandi, na ukiipitisha kamera juu ya ile mistari ya kwenye pakiti inakuletea kalori, protini, wanga na mafuta kabla hujaweka pakiti mezani. Nyota ya pili ni ya jambo moja nililojifunza wiki ya kwanza: asubuhi nilikuwa sili protini karibu kabisa. Kikombe cha chai yenye sukari na mkate, basi, ndiyo maana saa nne nilikuwa natetemeka kwa njaa. Nikaongeza mayai mawili, na hadi leo nafika saa saba mchana nikiwa mtulivu. Hilo nimebaki nalo na naishukuru.

Sasa zile tatu ilizozikosa.

Ukijisajili inakuuliza umri, kimo, uzito na uzito unaoutaka, kisha inakupangia bajeti ya siku. Mimi ilinipa kalori 1,200. Neno bajeti likanipumbaza. Bajeti ndiyo kazi yangu. Ukinipa bajeti nitaishi ndani yake hata paa likivuja. Sikuuliza imetoka wapi. Ilinichukua wiki tano kukaa chini na kalamu nikatumia kanuni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990, ambayo programu nyingi huitumia kukadiria nishati ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika tu. Kwa mwanamke, unachukua uzito kwa kilo mara 10, unajumlisha kimo kwa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, unatoa 161. Kwangu jibu lilikuwa 1,433. Ni makadirio, hayawezi kuwa sawa kwa kila mtu, lakini tazama maana yake: moyo kupiga, mapafu kupumua, figo kuchuja, nikiwa nimelala chali bila kuinua kidole, tayari ni zaidi ya bajeti niliyopewa. Bado sijapanda ngazi, sijakimbilia basi, sijafunga hesabu za mwezi. Mteja akiniletea bajeti ya namna hiyo, isiyotosha hata kodi na umeme, namrudishia.

(Uzito wangu siuandiki hapa, wa kabla wala wa baada. Najua tunavyosoma maandishi haya: jicho linatafuta kilo kwanza, halafu linajipima.)

Na kalori zenyewe si shilingi. Hili liliniuma kuligundua, kwa sababu nilikuwa naziandika hadi tarakimu ya mwisho. Namba za kwenye pakiti hutokana na wastani aliouacha Wilbur Atwater, mwanakemia wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19: 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa gramu ya wanga, 9 kwa gramu ya mafuta. Ni wastani mzuri, lakini ni wastani. Kanuni za lebo za Marekani huruhusu kalori halisi zizidi zilizoandikwa hadi asilimia 20. Katika vitabu vyangu tofauti ya senti moja inanikesha. Hapa nilikuwa najinyima nusu ya tunda kwa ajili ya kalori 30, ndani ya hesabu ambayo huenda ilipotoka kwa 200.

Mizani ndiyo ilinichezea zaidi. Programu inataka upande juu yake kila asubuhi, kisha inachora mstari. Siku tano za kwanza mstari uliporomoka, nikafurahi hadi nikampigia dada simu. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa jina la glikojeni, na kila gramu yake hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukila kidogo, akiba inatumika, maji yanatoka nayo. Ongeza jasho la msimu wa joto. Lita moja ya jasho ni kilo moja. Jioni moja nilijipima baada ya kurudi kwa miguu kwenye joto la nyuzi 35, nikawa nimepungua karibu kilo nzima tangu asubuhi, na programu ikanimwagia majani ya kijani kwenye skrini. Nilichohitaji kilikuwa maji na chumvi kidogo, nikapewa pongezi.

Joto halimo kabisa katika mipango yake, na hii ni programu inayojiuza kwa jina la msimu wa joto! Jua likiwa kali hamu ya kula hupungua, na ni haki yake, kwa kuwa kumeng'enya chakula chenyewe kunazalisha joto mwilini. Mimi mchana nilikuwa nashindwa kumaliza sahani. Njaa ya kweli ilikuja saa mbili usiku, upepo ukishaanza. Lakini ilikuwa imenipangia "dirisha la kula" linalofungwa saa kumi na mbili jioni. Basi mchana nakula bila hamu kwa kuwa saa imefika, usiku nalala na tumbo linanguruma kwa kuwa saa imepita.

Wiki ya tatu nikaanza kuota chakula. Naamka nikiwa na ladha mdomoni. Mchana, kazini, najikuta natazama picha za mapishi ambayo sina nia ya kuyapika. Nilidhani ni udhaifu wangu, hadi niliposoma habari za utafiti wa njaa uliofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wa kiume, wenye afya, walijitolea kula nusu tumbo kwa wiki 24, chini ya mwanasayansi Ancel Keys. Walikuwa wakipewa kalori zaidi ya 1,500 kwa siku. Hao nao waliota chakula, walilamba sahani, walikusanya vitabu vya mapishi, wakawa wepesi wa hasira na huzuni. Nilisoma nikiwa nimekaa kitandani gizani, nikaona aibu inanitoka kama maji. Keys huyohuyo ndiye aliyekuja kukipa kipimo cha uzito kwa kimo jina la BMI mwaka 1972, kipimo ambacho programu inakionyesha kwa rangi ya chungwa kila ukifungua. Mwenye hesabu yake ya asili ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtaalamu wa hisabati na nyota. Alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa daktari, wala hakuwa akimtazama mwanamke mmoja mbele ya kioo.

Siku ya 31 nilidanganya. Nilikaangia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kalori 120 hivi, nikaandika nusu kijiko ili namba isiwe nyekundu. Nimefanya kazi ya hesabu miaka 17. Nimewahi kushinikizwa nibadilishe tarehe ya stakabadhi moja tu na nikakataa. Nikakaa na ile simu mkononi kwa muda mrefu, nikijiuliza namficha nani. Usiku wa kuamkia siku ya 34 nilizunguka meza ya sebuleni hatua elfu mbili ili nilipie kipande cha mkate, maana ukitembea inakurudishia kalori kadhaa kama mtu aliyeruhusiwa kukopa.

Kisha siku ya 38. Mwisho wa mwezi, joto kali, saa tisa mchana. Tarakimu kwenye kompyuta zikaanza kuogelea, masikio yakaziba, nikashika ukingo wa meza. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniwahi.

"Dada, tangu asubuhi umekula nini?"

"Mia mbili na kumi," nikamjibu.

Akanitazama. "Sijauliza ngapi. Nimeuliza nini."

Sikukumbuka. Namba niliikumbuka, chakula hapana. Akaniletea maji, akanimegea chakula chake, akakaa hapo hadi nikamaliza. Usiku programu ikanihesabia siku ile kuwa bora kuliko zote tangu nianze: nilikuwa nimebakiza kalori 310. Majani ya kijani tena. Ndipo nilipotafuta kalamu na ile kanuni.

Sikuifuta siku ile. Nilipandisha bajeti kwa mkono hadi 1,900, nikazima dirisha la kula, nikaacha mizani ya asubuhi, kwa sababu nilitaka kuona inamchukuliaje mtu anayekula. Inamchukulia vibaya. Tarehe yangu ya lengo ikafutika, mahali pake pakabaki mstari mtupu. Kila Jumapili ikanidai picha ya upande upande, nguo za ndani tu, ya kuweka karibu na ile ya "kabla". Picha hiyo ya kabla ni yangu nikiwa mzima, nimetoka kuamsha watoto, na programu nzima imejengwa juu ya wazo kwamba mwanamke yule ni kosa linalosubiri kusahihishwa. Mimi nilianza kulala usingizi, kucheka na watoto mezani, kumaliza kazi bila kurudia mstari mmoja mara tatu. Sehemu ya kuandika hayo haipo popote.

Wiki ya kumi nikanunua nguo ya kuogelea, ya mwili nilionao, na kwa kweli ndiyo inayostahili nyota tano. Kama utanunua, usifuate namba ya magauni yako. Jipime kifua, nyonga, na urefu wa kiwiliwili: futi kamba inatoka begani, inapita katikati ya miguu, inarudi begani palepale. Kipimo hicho cha tatu ndicho wengi hatukijui, na ndicho kinachofanya nguo ivute mabegani tukadhani tatizo ni tumbo. Ukiijaribu usisimame tu mbele ya kioo; inama, chuchumaa, inua mikono, kaa. Mimi nilichagua ya mikono mirefu yenye kinga ya jua ya UPF 50, maana yake inapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya miale, na nikaenda namba mbili juu ya niliyokuwa nimeikusudia. Haikunibana popote. Ukitoka majini isuuze kwa maji baridi, maana chumvi na klorini hula ule uzi unaovutika.

Siku ya 84 ilikuwa ya pili ufukweni. Niliingia majini na watoto saa tatu asubuhi, nikatoka saa tano, vidole vimekunjamana, njaa imenishika hasa. Dada alikuwa amekata tikiti maji. Nikakaa mchangani vilevile na nguo mbichi, tumbo limekaa linavyokaa mtu akiketi, nikala hadi nikatosheka. Simu ikalia: kumbusho la kuandika mlo wa mchana. Nikajaribu kuifungua, lakini skrini haikuvitambua vidole vyenye maji. Nikairudisha kwenye mkoba, nikarudi baharini.

Nilijiondoa usiku. Angalizo kwa mnaotaka kufanya hivyo: kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ingia kwanza kwenye akaunti ya duka la programu la simu yako, tafuta orodha ya usajili, sitisha hapo, ndipo ufute. Mimi ilinichukua dakika sita, na hatua ya mwisho wananiuliza sababu. Wameorodhesha nne: nimefikia lengo, ni ghali, ni ngumu kutumia, nimekata tamaa. Nikashuka chini hadi kwenye "nyingine", pana kisanduku kidogo cha kujaza. Nikaandika: nimeshaingia majini.